Nani Anateleza Hapa? Historia ya Kushuku Saa

Kwa wiki tatu nilikuwa na ugunduzi. Haukuwa wa kupewa tuzo, lakini ulitosha kuniamsha alfajiri bila kengele. Nilikuwa nimeshaandika muhtasari, nimeshautuma kwenye mkutano wa watafiti vijana, na nimeshampigia mama simu kumwambia kwamba jina langu litatoka mahali. Halafu siku moja mvua ikanyesha kutwa nzima, na ugunduzi wangu ukaondoka na maji.

Ngoja nianze mwanzo. Utafiti wangu unahusu ionosfia, lile tabaka la hewa lenye chembe za umeme linaloanzia kilomita 60 hivi juu yetu na kupanda mamia ya kilomita. Mawimbi mafupi ya redio hupanda mpaka huko kisha hurudishwa chini, na ndiyo maana babu zetu waliweza kusikiliza London wakiwa Tukuyu. Tabaka likishuka, safari ya wimbi inafupika, na masafa tunayopokea yanapanda kidogo. Likipanda, yanashuka. Ni jambo lilelile la honi ya basi linalokujia na kisha kukupita. (Nikisema masafa hapa nina maana ya idadi ya mitetemo kwa sekunde, si umbali.) Mimi nasikiliza kituo cha mbali kinachorusha kwenye megahezi 10, nachora kwenye grafu jinsi masafa yake yanavyopanda na kushuka, na kutokana na hapo nakisia tabaka linafanya nini.

Tatizo ni hilo neno "kidogo". Mabadiliko ninayoyatafuta ni ya sehemu ya hezi 1 katika hezi milioni 10. Ukitaka kuona badiliko la hezi 0.1, rula yako isirefuke wala kusinyaa hata kwa sehemu 1 katika 100,000,000. Rula za namna hiyo zinauzwa, ila kwa bei ya kununulia pikipiki. Kwa hiyo nikatengeneza yangu. Ndani ya boksi kuna osileta ya fuwele ya kwatsi iliyokaa kwenye kitanuri chake kidogo cha kulinda joto, niliyoichomoa kwenye mtambo chakavu wa mawasiliano. Kuna kipokezi cha GPS kinachotoa pigo moja kila sekunde. Na kuna chipu inayolinganisha hivyo viwili: fuwele ikichelewa chipu inaisukuma kwa kuongeza volti, ikiwahi inaivuta nyuma kwa kupunguza. Kwa hiyo ni osileta inayochungwa na setilaiti, kama mbuzi na mchungaji wake.

Kila siku, kuanzia saa nane mchana hivi, mstari kwenye grafu yangu ulikuwa unapanda taratibu mpaka hezi 0.1, unakaa hapo juu hadi jua linakaribia kuzama, kisha unashuka. Siku ya kwanza nikapuuza. Siku ya kumi nikaanza kuandika. Maana yake ilikuwa kwamba njia ya wimbi inafupika kila alasiri, jambo ambalo vitabu havikulitaja, na hakuna kitu kinachomlevya mtafiti kijana kama jambo ambalo vitabu havikulitaja.

Msimamizi wangu aliiangalia grafu, akapiga hesabu pembeni mwa karatasi. Hezi 0.1 kwenye wimbi la mita 30 ni mita 3 kwa sekunde. Kwa saa nne ni kama kilomita 43. Akaniuliza, "Sawa, njia yako inafupika kilomita 43 kila alasiri. Inarudi kuwa ndefu saa ngapi?" Nikamjibu kwamba usiku kuna kelele nyingi kwenye data. Alinitazama tu. Nilitoka pale nikiwa nimeshinda mabishano, au ndivyo nilivyodhani.

Swali ambalo nilikuwa nalikwepa ni hili: kitu fulani kinateleza, je, ni kile ninachokipima au ni rula yangu? Baadaye, nilipoanza kusoma historia ya vifaa hivi ili nijue nimekosea wapi, nilikuta kwamba watu wamekuwa wakiuliza swali hilohilo kwa miaka mia moja, na mara kadhaa jibu liliwashangaza wote waliokuwepo.

Mwanzo wa habari nitaupitia haraka. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Paris, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba ukiibana fuwele ya kwatsi inatoa umeme. Baadaye ikathibitika kwamba kinyume chake ni kweli pia, ukiipa umeme inajikunja. Mwaka 1921 Walter Cady, mwalimu wa fizikia kwenye chuo cha Wesleyan kule Connecticut, Marekani, alitumia tabia hiyo kutengeneza osileta ya kwanza inayoongozwa na kipande cha kwatsi. Fuwele ikichongwa kwa ukubwa fulani hupenda kutetemeka kwa masafa yake yenyewe, kama kengele yenye sauti yake. Mwaka 1927 Warren Marrison, Mkanada aliyekuwa akifanya kazi Bell Labs, pamoja na mwenzake J. W. Horton, wakaifanya mitetemo hiyo iendeshe saa.

Karibu mara moja Marrison alikutana na adui ambaye ningekutana naye mimi: joto. Fuwele ikipata joto masafa yake yanahama. Alihangaika na umbo la kipande, akaja na fuwele ya mviringo yenye tundu katikati, kama kitumbua kilichotobolewa, ambayo karibu haijali joto. Mwaka 1934 wahandisi wa Bell Labs, na kwa upande mwingine Issac Koga kule Japani, walionyesha kwamba ukiikata fuwele kwa pembe fulani maalumu, athari za joto zinakaribia kufutana zenyewe karibu na joto la kawaida la chumba. Mkato huo bado umo kwenye mamilioni ya vifaa hadi leo. Kwa anayetaka zaidi ya hapo, dawa ni kuifungia fuwele kwenye kitanuri chenye joto lisilobadilika, na ndivyo ilivyo ya kwangu.

Sasa twende Berlin, kwa sababu hapo ndipo habari inaponoga.

Miaka ya 1930 sekunde ilikuwa sehemu 1 kati ya 86,400 za siku ya wastani. Yaani saa kuu ilikuwa Dunia yenyewe. Wanaastronomia walitazama nyota fulani ikipita juu ya kituo chao, wakajua Dunia imemaliza mzunguko, na saa nyingine zote zikasahihishwa kwa hapo. Saa yako ikipingana na nyota, saa yako ndiyo mbovu. Hakukuwa na cha kubishania, ilikuwa ndiyo maana ya sekunde.

Kwenye taasisi ya taifa ya vipimo ya Ujerumani, Adolf Scheibe na Udo Adelsberger walijenga saa za kwatsi zilizokuwa bora kuliko karibu zote za wakati huo. Wakazilinganisha na nyota, na saa zikawa zinateleza. Kosa lilikuwa la milisekunde tu, lakini halikuonekana kuwa la bahati nasibu. Fikiria ungefanya nini. Jibu la heshima, jibu la mtu aliyefundishwa adabu ya vipimo, lilikuwa ni kuitilia shaka fuwele: labda imezeeka, labda joto, labda umeme wa betri. Lakini wao walikuwa na saa zaidi ya moja. Wakazilinganisha zenyewe kwa zenyewe, na zikawa zinakubaliana. Fuwele tofauti hazina sababu ya kuteleza pamoja, kwa kiasi kilekile, kuelekea upande uleule. Katikati ya miaka ya 1930 wakaandika kwamba anayeyumba ni Dunia. Mwaka 1937 Nicolas Stoyko wa Paris naye, kwa kutumia saa bora za wakati ule, akatangaza kwamba kasi ya mzunguko wa Dunia inabadilika kwa misimu.

Na walikuwa sahihi. Dunia huzunguka kwa kasi kidogo zaidi kwenye miezi ya Julai na Agosti, na sababu kubwa ni upepo: pepo za angani zinapobadilika kwa misimu, zinabadilishana mwendo na ardhi iliyo chini yake. Urefu wa siku unacheza kwa milisekunde 1 hivi. Gawanya milisekunde 1 kwa siku nzima utapata karibu sehemu 1 katika 100,000,000. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu maktaba. Ni kiasi kilekile cha kosa la boksi langu. Yaani kama ningekuwa Berlin mwaka 1935 na lile boksi, ningeweza kuisingizia Dunia.

Tofauti yangu na wao ni kwamba mimi nilikuwa na boksi moja tu. Mshtakiwa, shahidi na hakimu walikuwa mtu mmoja.

Hata hivyo sikuwa mzembe kabisa, na nataka hilo liandikwe. Mshukiwa wangu wa kwanza alikuwa GPS. Antena yangu ilikuwa dirishani, inaona nusu ya mbingu, kwa hiyo labda alasiri setilaiti nzuri zilikuwa zinajificha nyuma ya jengo. Kuna njia nzuri ya kulichunguza hili. Setilaiti za GPS hazirudi mahali pake kila baada ya saa 24. Mpangilio wao angani hujirudia baada ya saa 23 na dakika 56 hivi, kwa sababu wao hufuata nyota na si jua. Maana yake kosa linalotokana na setilaiti kujificha litawahi kwa dakika 4 kila siku. Kwa siku 21 ni dakika 84. Kilima changu kingetakiwa kuhama kutoka saa nane hadi kabla ya saa saba mchana. Hakikuhama hata kidogo. Kilikuwa kinafuata jua.

Mshukiwa wa pili alikuwa ionosfia, ila kwa mlango wa nyuma: ionosfia huchelewesha mawimbi ya GPS pia, hasa mchana, hasa huku kwetu tusio mbali na ikweta ya sumaku, na kipokezi cha bei nafuu kama changu hakiwezi kulisahihisha hilo vizuri. Tuseme ucheleweshaji unabadilika kwa nanosekunde 100 ndani ya saa sita. Hiyo ni kama sehemu 5 katika trilioni 1. Ni ndogo mara elfu mbili kuliko ninachokitafuta. Mshukiwa akaachiwa huru.

Wakabaki wawili wanaofuata jua: tabaka lenyewe, ambalo ndilo nililitaka, na joto la chumba, ambalo nilikataa kulifikiria kwa sababu fuwele ilikuwa ndani ya kitanuri na kitanuri kilikuwa kinachungwa na setilaiti. Taa ya kijani mbele ya boksi ilikuwa inawaka muda wote. Niliiamini taa ile kuliko nilivyomwamini msimamizi wangu.

Halafu ndiyo ikaja ile mvua. Kutwa nzima mawingu, chumba kimepoa, hata feni sikuiwasha. Saa nane ikafika, saa tisa, saa kumi. Mstari umelala. Hakuna kilima. Ionosfia iko juu ya mawingu kwa makumi na mamia ya kilomita, haijui kama Dar es Salaam kunanyesha. Nilikaa mbele ya ile grafu nikisikia mabati yanapigwa, nikajua.

Kujua kwamba boksi ndilo lenye kosa ni nusu tu ya kazi. Lakini kwa nini mchungaji hakumrudisha mbuzi? Hilo ndilo lililonisumbua, maana kazi nzima ya setilaiti ni kuziba makosa ya fuwele. Na hapa historia ilinisaidia tena, safari hii kupitia vita na anga za juu.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani liliamua kwamba redio zake zitaongozwa na fuwele. Mamilioni kwa mamilioni ya vipande vya kwatsi, nyingi yake ikichimbwa Brazil, vilikatwa na kusagwa mpaka vifikie masafa yaliyotakiwa. Kisha fuwele zilizopimwa sawasawa kiwandani zikaanza kufika vitani zikiwa zimehama, nyingine zimekufa kabisa. Kumbe kusaga kulikuwa kunaacha ngozi iliyopasukapasuka juu ya kipande, na ngozi hiyo ilikuwa inabanduka taratibu, hasa penye unyevu. Fuwele inayopoteza uzito hutetemeka haraka zaidi, kwa hiyo masafa yalikuwa yanapanda. Dawa ikawa kumalizia kazi kwa tindikali badala ya msasa, ili ile ngozi iyeyushwe kabla ya fuwele kutoka kiwandani. Tangu hapo mafundi wa fuwele wanasema waziwazi kwamba fuwele huzeeka. Unaweza kupunguza kasi ya uzee wake kwa usafi na kuifungia kwenye chupa isiyo na hewa, ila huwezi kuuondoa. Unachofanya ni kuacha nafasi: unaipa osileta volti ya kurekebishia, ili iweze kuvutwa kadiri miaka inavyopita.

Shikilia hilo neno nafasi.

Mei 1967 maabara ya utafiti ya jeshi la wanamaji la Marekani ilirusha setilaiti ndogo iitwayo Timation 1, chini ya Roger Easton. Ndani yake kulikuwa na saa ya kwatsi, na wazo lilikuwa kwamba ukipokea muda kutoka angani unaweza kujua uko wapi. Lilifanya kazi, ila fuwele huko juu ilikuwa na maisha magumu: joto linapanda na kushuka, na mionzi inaisogeza. Kwa hiyo setilaiti zilizofuata zikabeba saa za atomu, rubidiamu mwaka 1974 na seziamu mwaka 1977.

Hiyo ya 1977, iliyoitwa NTS-2, ndiyo kisa ninachokipenda kuliko vyote. Nadharia ya uhusianifu ya Einstein ilisema kwamba saa ya kule juu itaonekana ikienda mbio kuliko ya ardhini kwa mikrosekunde 38 hivi kwa siku. Lakini miongoni mwa waliohusika walikuwepo wenye shaka kama hilo ni la kweli kiutendaji. Basi wakaweka kifaa cha kusahihisha, lakini wakakiacha kimezimwa kwanza, kisubiri amri kutoka ardhini. Kwa siku 20 hivi wakaitazama saa. Ikawa inateleza kwa sehemu 442.5 katika trilioni 1. Hesabu ya Einstein ilikuwa imetabiri 446.5. Wakawasha kile kifaa. Hapa saa haikuwa na kosa, Dunia haikuwa na kosa, na aliyehitaji kusahihishwa ni yule aliyedhani muda ni mmoja kila mahali.

Setilaiti ya kwanza ya GPS yenyewe ilirushwa Februari 1978. Baadaye, katika miaka ya 1990, jeshi la Marekani likawa linayumbisha mawimbi ya raia kwa makusudi, ili mtu wa kawaida asijue mahali alipo kwa usahihi zaidi ya mita 100 hivi. Muda nao ukawa unayumba pamoja na mahali. Uyumbishaji huo ulizimwa usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Mei 2000.

Lakini kabla haujazimwa, Julai 1998, Brooks Shera, mwanafizikia na mpenzi wa redio, alichapisha kwenye jarida la QST la wapenzi wa redio wa Marekani jinsi ya kutengeneza nyumbani osileta inayochungwa na GPS. Boksi langu ni kitukuu cha boksi lake. Makampuni yalikuwa tayari yanatengeneza vifaa vya aina hiyo kwa ajili ya minara ya simu, lakini Shera aliileta mezani kwa mtu mwenye chuma cha kulehemu na subira. Na alifanya hivyo wakati mawimbi ya GPS bado yanayumbishwa! Aliwezaje? Kwa kuelewa nani wa kumwamini lini. Fuwele ni kama mtu anayetembea kwa hatua zilizo sawa kabisa lakini hajui njia. Setilaiti ni kama mtu anayeijua njia ila anayumba kila hatua. Kwa sekunde chache mfuate wa kwanza, kwa saa nzima mfuate wa pili. Chipu inakusanya tofauti kwa muda mrefu, mayumbo yanafutana, halafu ndipo inaigusa fuwele, tena kwa upole.

Mchungaji mwenyewe naye hukosea siku moja moja. Tarehe 26 Januari 2016, setilaiti kongwe ya GPS ilipoondolewa kazini, baadhi ya setilaiti zilizobaki zilianza kutangaza marekebisho ya muda yenye kosa la mikrosekunde 13 hivi. Ramani kwenye simu hazikuathirika, lakini mitambo ya mawasiliano iliyotegemea muda ule ilipiga kelele sehemu mbalimbali, na matangazo ya redio ya kidijitali yakakatika Uingereza. Nililifikiria hili kwa boksi langu pia, nikalitupa: kosa la namna ile huja mara moja, haliji kila siku saa nane.

Nikarudi kwenye boksi. Kwenye karakana ya idara yetu kuna mzee mmoja fundi, ametengeneza kila kitu kuanzia projekta mpaka jokofu la sampuli. Nilimpelekea boksi nikamweleza habari yote, mbuzi na mchungaji, Einstein na mvua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainyooshea kidole ile taa ya kijani.

"Mwanangu, hii taa inakuambia nini?"

"Kwamba fuwele imefungwa na setilaiti, mzee."

"Nani aliyeiambia iseme hivyo?"

Ni mimi. Nilifungua programu niliyoiandika mwenyewe usiku mmoja miezi mingi nyuma. Taa ilikuwa inawaka kila pigo la GPS linapofika. Basi. Haikuuliza kama fuwele inalifuata hilo pigo. Ilikuwa sawa na kusema ng'ombe wako salama kwa sababu umemwona mchungaji amefika kazini.

Mzee akanipa mita. Nikapima volti ambayo chipu inaipa fuwele. Uwezo wake ni kuanzia volti 0 hadi 5. Asubuhi ilisoma 4.97. Nikasubiri. Saa nane na nusu ilisoma 5.00, ikabaki 5.00, na ilibaki 5.00 mpaka magharibi.

Yaani kamba ilikuwa imeisha. Ile fuwele ilikuwa imefanya kazi miaka mingi kwenye mtambo wake wa zamani, na kila mwaka ilikuwa inazeeka kidogo na kuhitaji volti kidogo zaidi, mpaka ilipofika kwangu ilikuwa imekaribia kabisa mwisho wa nafasi ile ambayo watengenezaji walimwachia mchungaji. Asubuhi chumba kikiwa kimepoa, volti 4.97 zilitosha. Mchana joto likipanda, fuwele ilitaka kama 5.05, na chipu haikuwa nazo. Kwenye osileta yangu volti 1 huyasogeza masafa kwa sehemu 2 katika milioni 10, kwa hiyo upungufu wa volti 0.05 ni sehemu 1 katika 100,000,000. Rula imesinyaa kwa kiasi hicho, na kituo cha mbali kikaonekana kimepanda kwa hezi 0.1 kamili. Kitanuri hakikuwa na hatia kubwa, GPS haikuwa na hatia yoyote. Chipu ilikuwa inajitahidi kwa nguvu zake zote, imegota ukutani, na juu yake taa ya kijani inawaka kwa furaha.

Matibabu yalichukua dakika kumi. Pembeni mwa kopo la osileta kuna kifuniko kidogo, na chini yake skrubu iliyowekwa na watengenezaji kwa ajili ya siku kama hii. Mzee alikataa nisitumie bisibisi ya chuma, akanichongea ya plastiki kutoka kwenye mpini wa mswaki. Nikaizungusha kidogo, nikasubiri nusu saa, nikaizungusha tena. Volti ikashuka mpaka 2.60, katikati ya uwanja. Alasiri iliyofuata kulikuwa na jua kali na mstari ulilala kama siku ya mvua.

Nikaandika barua ya kuuondoa muhtasari wangu kwenye mkutano. Ilikuwa na sentensi tatu na ilinichukua jioni nzima. Msimamizi aliisoma, akaniuliza tu kama sasa ninarekodi ile volti. Ninarekodi. Kila mstari wa data yangu siku hizi una safu ya pili pembeni yake, volti ya mchungaji, na taa ya kijani haiwaki tena mpaka tofauti kati ya fuwele na setilaiti iwe ndogo kweli, na volti iwe mbali na kuta zote mbili.

Wiki tatu za data ya zamani bado ninazo. Nilijaribu kuziokoa kwa kutoa kosa la hezi 0.1, lakini sikurekodi joto la chumba wala volti ya siku zile, kwa hiyo sijui pa kuanzia kutoa. Nimezihifadhi kwenye folda yenye jina ambalo siwezi kuliandika hapa.

Tangu siku ile ya skrubu imepita miezi mitano. Asubuhi ya leo volti ilisoma 2.71. Fuwele inaendelea kuzeeka, taratibu, kwa mwendo uleule. Ikienda hivi, itagota tena ukutani baada ya miaka minane na ushee.